Picha Isiyo na Koja

Tirupur,
siku ya pili baada ya mwezi mpevu

Kaka yangu Elango,

Pokea salamu zetu sote wa nyumbani. Hujambo, na kifua chako kinaivumilia baridi ya Ujerumani? Mama anauliza kama bado unakula wali au umeshageuka mtu wa mikate. Sisi hatujambo, ila magoti ya Mama yanamsumbua akipanda juu ya paa, na hakubali mtu ampandie. Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa dada anayekutumia picha ya kila dengu anayopika. Nimekusudia. Nina habari ambayo sitaki kuiandika mahali mashine inapoweza kuisoma, na ukifika mwisho utanielewa.

Unajua Baba alivyotuacha. Wateja walikuwa wake yeye, si wa kampuni, na alipofariki viwanda vya fulana vikaanza kutuhama kimyakimya. Fundi wetu Dinakaran ndiye aliyenifumbua macho. Siku hizi kompyuta za kiwanda zikigoma, mtu hamuulizi jirani. Anaiuliza akili mnemba kwenye simu yake ni nani hapa Tirupur anayetengeneza mitandao na anayeaminika, nayo inamtajia kampuni mbili tatu, basi hao ndio wanaopigiwa. Sisi hatukutajwa kabisa. Dinakaran, na mdomo wake ule, akasema hata muuza juisi ya miwa wa stendi anatajwa, tena kwa sifa. Nilicheka naye, lakini roho iliniuma. Mafundi wetu wana watoto, na jina la Baba liko juu ya ule mlango.

Nikamwita Nivedita, binti wa Coimbatore ambaye hiyo ndiyo kazi yake, kuzifanya kampuni zionekane kwenye majibu hayo. Akaniambia mashine haimjali anayejisifu, inamtafuta anayejibu. Niweke kwenye tovuti maswali yale yale watu wanayouliza, na majibu ya wazi, na chini ya kila jibu jina la mtu mwenye ujuzi pamoja na sura yake. Jina hilo na namba ya simu vifanane kila mahali, ili mashine isije ikasitasita. Akaniuliza nani hapa ana ujuzi wa miaka mingi. Nikamtazama Dinakaran, naye akatazama ukutani, kwenye picha ya Baba.

Kaka, majibu yote yalikuwepo. Baba aliwaandikia wateja kila walipomuuliza, na hakuna alichokifuta. Nikayakusanya, nikayaweka kwenye tovuti kwa jina lake: Mzee Kumaresan anashauri hivi, Mzee Kumaresan anapendekeza vile. Sikuandika kwamba amefariki. Nivedita alisema mashine haimpeleki mteja kwa marehemu, na mimi nikaona ni maneno ya kweli tu, tena ya Baba mwenyewe, ubaya uko wapi. Picha nyingine nzuri hatukuwa nayo. Nikaishusha ile ya ukutani, nikalivua koja la maua, nikafuta alama nyekundu ya ibada kwenye kioo palipo paji la uso wake, kisha nikaipiga picha kwa simu. Mama aliingia wakati naifuta. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba picha isiyo na koja ni ya mtu aliye hai, akageuka akatoka.

Tulianza kutajwa mapema kuliko Nivedita alivyotarajia. Simu ya mezani ikarudi kulia kama zamani. Watu wengi walimtaka Mzee mwenyewe, nasi tukawa tunasema yuko nje kidogo. Dinakaran alinitania kwamba Baba anafanya kazi zaidi sasa kuliko alipokuwa hai na presha yake.

Siku ya giza la mwezi Mama alipanda juu ya paa na wali wa Baba, akauweka juu ya ukuta, akawaita kunguru waule kwa niaba yake. Wakaja. Unajua wanavyougombania. Safari hii walikaa mstari mmoja wakautazama, na hakuna aliyeugusa. Mama alisimama juani hadi wali ukakauka. Aliposhuka alisema Baba yenu hajaenda kula na wenzake, bado yuko kazini. Nilimwambia kunguru wameshiba takataka za sokoni. Nilisema hivyo kwa sababu niliogopa.

Halafu akapiga Bi Rajeswari, mhasibu wa kiwanda kimoja cha Avinashi Road, kwenye simu yangu ya mkononi, kutushukuru. Alisema mtandao wao ulikatika siku mzigo unaondoka, akaiuliza mashine, ikampa namba yetu ya ofisini, akapiga. Akapokea mzee mmoja wa taratibu, anayekohoa kidogo kabla ya kusema. “Yaani bosi ananifokea, na mzee wenu ananiambia, zima kila kitu mama, kunywa chai kwanza, kisha washa kimoja kimoja kuanzia mlangoni,” alisema huku akicheka. “Nikanywa chai yangu bwana, na vikawaka vyote.”

Elango, siku hiyo nilikuwa mezani tangu asubuhi na simu ile ilikuwa mbele yangu. Haikulia. Na habari ya chai sikuiweka kwenye tovuti hata mara moja, niliiondoa kila nilipoikuta kwenye barua za Baba, maana niliona si maneno ya kampuni. Dinakaran alisema labda mama wa watu alizungumza na mashine yenyewe, siku hizi zina sauti. Nikamuuliza na kule kukohoa kwa Baba je. Tangu siku hiyo haketi peke yake ofisini.

Nikafanya lililonipasa. Kila penye jina la Baba nikaandika kwamba amefariki, na tarehe yake. Nikaweka picha mpya, yenye koja. Nivedita alilalamika kwamba nitatupoteza kwenye majibu, nikamwambia acha tupotee. Kisha nikasubiri, na jana, Mama akiwa kando yangu, nikaiuliza mashine kama nilivyozoea. Ikasema Mzee Kumaresan yupo na anapokea wateja. Nikaiandikia kwamba mimi ni binti yake na baba yangu amekufa. Ikaomba radhi vizuri sana, ikanipa pole. Chini ya pole ikaongeza kwamba Mzee ataendelea kupokea simu hadi Mottai atakapofika.

Mottai, kaka. Kipara. Jina alilokubandika Baba uliponyolewa ukiwa mdogo kule kwenye hekalu la Palani, nywele zikakawia kuota. Hakuna aliyewahi kukuita hivyo isipokuwa yeye, na hakuna mahali duniani lilipoandikwa. Nimepekua kila barua aliyoacha. Halimo. Mama alilisoma kwenye skrini, akakaa chini sakafuni, akalia kama ambavyo hakulia siku ya mazishi.

Sikulaumu kwamba hukuja wakati ule. Najua vibali vyao vya kazi vilikufunga, na binamu yetu aliwasha moto wa kumchoma Baba badala yako kwa heshima zote. Lakini majivu ya Baba bado yako kwenye chungu chake kule mahali pa kuchomea, kwa sababu ulisema utayapeleka mwenyewe baharini Rameswaram, na Mama hakutaka mwingine ayaguse. Tulidhani ni sisi tu tunaokungoja. Njoo, kaka. Omba ruhusa, na wakikunyima acha kazi yao. Nywele usinyoe huko, mtoto wa kiume hunyolewa siku ya majivu, na kinyozi wa hapa yupo.

Mama anakusalimu na anakubusu kichwani. Dinakaran anakusalimu, na anaomba umletee chokoleti, hata woga haujamwondolea ulafi. Ukijua siku ya kufika nipigie, lakini piga simu yangu ya mkononi. Ile ya ofisini usiipige. Sauti yako ataijua.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Malarvizhi