Nyanya Tusizokula

Jumanne, 6 Januari

Nimebeba mgongoni na kupiga mabomba matatu ya dawa kabla ya saa nne. Mgongo unauma. Mikono inanuka hata baada ya kunawa na sabuni mara mbili.

Hii ndiyo kazi yangu tangu nimalize kidato cha nne. Mama anasema mwenye Kiingereza ndiye wa dawa, kwa sababu lebo yote ni Kiingereza, tena maandishi madogo. Mimi nasoma, yeye anaamua. Lebo inasema kifuniko kimoja kwa bomba. Mama amesema vitatu, maana kantangaze wa mwaka huu hasikii dawa. Kweli hasikii. Ukipasua nyanya unamkuta ndani, kifunza kidogo, kimeshiba. Nimeweka vitatu.

Lebo inasema pia usivune mpaka siku saba zipite. Nimemsomea. Amesema sawa.

Bustani zetu ni mbili. Ya juu iko nyuma ya jiko, chini ya migomba. Mnafu, figiri, nyanya chache zenye mabaka. Haipigwi dawa. Hiyo ndiyo tunayokula. Ya chini, kando ya mfereji, ni ya soko. Vya chini hatuli. Hakuna aliyewahi kunikataza. Nimekua nikijua tu.

Nimesuuza bomba kwenye mfereji. Kila mtu anafanya hivyo. Vyura wa pale sijawasikia tangu mvua za vuli.

Alhamisi, 8 Januari

Mama yake Glory amefika kutoka Marangu kumhudumia mzazi. Glory ni mke wa kaka Elisante. Mtoto wao ana wiki tatu. Kaka ni fundi ujenzi, amepanga chumba mjini, Sokon I, anapanda huku kila Jumamosi.

Mimi na wageni hatuwezani. Nilimwamkia, nikapokea kikapu, nikakimbilia jikoni. Glory akanifuata na sauti yake.

"Mama, huyu wifi yangu ukisikia ameongea, ujue nyumba inaungua."

"Muache," mama yake akasema. "Wewe uliongea mpaka mwalimu akaomba uhamisho."

Nilicheka peke yangu jikoni. Nampenda Glory. Yeye haningojei nianze.

Ijumaa, 9 Januari

Mama Juni amepiga simu. Ni mfanyabiashara wa soko la Kwa Mrombo, anachukua nyanya zetu kila msimu. Anataka matenga kumi na mawili kesho asubuhi. Kuanzia Jumanne mpaka kesho ni siku nne.

Nilisema, "Mama, lebo inasema saba."

"Lebo haijui soko ni lini."

Akaniambia nipige tena leo jioni, ili kantangaze wasizitoboe usiku na zifike zikiwa safi. Nimepiga. Vifuniko vitatu. Nilisema "ndiyo mama" na nikabeba bomba.

Nimetumia dakika moja kubisha na saa mbili kupiga dawa. Mtihani wa baiolojia uliuliza jambo hili hili. Nilijibu vizuri sana.

Jumamosi, 10 Januari. Saa saba mchana

Matenga yamekwenda.

Kuna jambo. Mama Juni alikuwa bado anakagua nyanya, mama yuko kando yake, mimi nafunga kamba. Mama Glory akatokea katikati ya mistari ya nyanya na kikapu kimejaa mnafu. Mnafu hujiotea wenyewe pale, na unanenepa kwa mbolea na maji ya nyanya. Kwa macho ni mzuri kuliko wa juu.

"Mnafu wenu umenona, mwanangu. Kwetu siku hizi hauoti hivi. Leo mzazi atapona."

Nilitaka kusema usiuchume. Lakini kusema hivyo mbele ya Mama Juni ni kusema hizi nyanya unazopakia sisi wenyewe hatuzili. Mama hakumwona, alikuwa anahesabu matenga. Mimi nilimwona. Nikasema, "Shikamoo mama."

Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. Alicheka. "Marahaba tena." Akapanda kwenda jikoni.

Gari lilipoondoka sikumfuata. Nikajiambia ataosha. Nikajiambia moto unaua dawa. Najua hauui.

Saa kumi. Glory anatapika.

Jumapili, 11 Januari

Sikwenda kanisani. Naandika yote ya jana yakiwa bado mabichi.

Mama Glory alipika chungu kimoja tu, cha mzazi, mnafu na maziwa. Glory alikula peke yake saa saba. Kufika saa kumi alikuwa anatapika, jasho linamtoka kama amemwagiwa maji, mate yanatiririka, miguu inacheza yenyewe. Kaka alikuwa ndiyo amefika. Akakimbia kuazima gari la jirani.

Wakiwa wanamwingiza garini, mama akamgeukia Mama Glory.

"Huu mnafu uliuosha? Wa huku si kama wa kwenu. Una ukali wake."

"Mama Elisante, mnafu nimeanza kuupika wewe hujaolewa."

"Basi mbona mtoto wako yuko hivi?"

 Mama Glory alipanda nyuma ya gari akamshika Glory kichwa. Mimi nilikuwa mlangoni na mtoto mikononi. Maneno yalikuwa kinywani. Wakaondoka.

Niliachwa na mtoto. Mwanzo alilala. Kisha akaamka na njaa. Nilimpa maji ya moto yaliyopoa kwa kijiko, akayatema. Akageuza uso kwangu, akawa anatafuta ziwa kwenye blauzi yangu. Anafungua mdomo, anagusa kitambaa, analia. Blauzi ile ile niliyovaa Ijumaa nikipiga dawa. Nilimtoa kifuani haraka. Nikaivua.

Hapo ndipo nilipokwenda. Si kwa ujasiri. Sikuweza tu kukaa naye tena. Nilivaa nguo safi, nikamfunga mgongoni kwa kitenge, nikatoa chupa ya dawa juu ya paa la banda la ng'ombe, nikashuka kwa njia ya mkato mpaka hospitali. Nusu saa. Jumla ya muda niliokaa nikijua: saa mbili na zaidi tangu aanze kutapika. Saba tangu nione kikapu.

Mama na kaka walikuwa benchi moja. Mama Glory benchi la mbali, peke yake, mikono mapajani. Nilipita wote watatu. Nikampa nesi chupa. 

"Hii ni ya nini, mdogo wangu?"

"Ni ya nyanya. Mnafu aliokula umetoka humo kwenye nyanya. Nilipiga juzi... jana. Jana jioni. Vifuniko vitatu."

Nesi hakunigombeza. Aliita daktari kwa sauti, daktari akasoma lebo akiwa anatembea, wakaingia na sindano. Baadaye nesi alisema walikuwa wameanza kuhisi, kwa sababu mboni za macho yake zilikuwa zimekuwa ndogo mno, ila walikuwa hawajui ni dawa gani.

Mama aliangalia sakafu. Kaka alisema, "Nai, ulikuwa nyumbani muda wote huo." Basi.

Mama Glory alinitazama kwa muda mrefu.

"Ulinikuta pale. Ulinikuta na kikapu."

"Ndiyo mama."

Afadhali angenipiga.

Jumatatu, 12 Januari

Glory atapona. Daktari amesema hivyo mbele yetu. Glory ameniona, akafumba macho. Sijui kama ni usingizi.

Mtoto hana dalili yoyote, wamempima. Ila hatanyonya kwanza. Anapewa maziwa ya kopo. Glory anakamua maziwa yake kwenye kikombe cha plastiki, nesi anayamwaga. Anakamua akilia kimya, mtoto yupo kitanda cha pili anamlilia. Nilisimama pale nikiwa nimeshika chupa ya chai. Hakuna aliyeitaka chai.

Jioni nilimwomba mama ampigie Mama Juni. Alikataa. Nikachukua simu yake nikapiga mwenyewe. Sijawahi kumpigia mtu mzima simu.

"Mama, zile nyanya za Jumamosi zilikuwa na dawa ya jana yake. Zisiuzwe."

"Ziliisha Jumamosi hiyo hiyo, mwanangu. Nyingine shule, nyingine hoteli, nyingine mama ntilie. Kwani vipi?"

Nikamweleza yaliyompata Glory.  "Pole sana. Lakini usijitese. Tangu nianze biashara hii nani ameniletea nyanya isiyo na dawa? Mimi mwenyewe za kula nalima nyuma ya nyumba."

Nikakata bila kuaga. Kumbe hata yeye.

Basi nani anakula? Glory ana kitanda na jina lake limeandikwa kwenye kadi. Wale wengine wakiumwa tumbo watasema ni maji.

Jumatano, 14 Januari

Glory ametolewa hospitali. Mama Glory amemlaza, kisha akaanza kukunja nguo zake. Anarudi kwao keshokutwa, amesema bila kumtazama mtu.

Mama alitoka akaenda mpakani, akarudi na majani mawili ya isale. Huku kwetu isale ni mpaka wa shamba. Kwao Marangu, ukiletewa jani lake kuombwa radhi, hukatai. Mama anajua. Alinipa moja.

"La kukusingizia mnafu ni langu," mama alimwambia Mama Glory. "La kunyamaza ni la huyu. Aseme mwenyewe."

Nikasema. Nilisema yote, na habari ya Mama Juni, na kwamba vya chini hatuli. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya aketi.

"Kwa hiyo mnajua," alisema. "Mnajua na mnapeleka."

Mama alimnyooshea jani lake. Nami langu.

Alipokea majani yote mawili. "Isale haikataliwi. Ila wewe, usiniamkie tena mara mbili kwa siku. Mara ya pili sema ulichotaka kusema."

Hajataja tena kuondoka. Nguo bado ziko kwenye begi.

Alasiri nilichimba shimo mbali na mfereji nikasuuzia bomba huko. Ni shimo tu. Dawa itazama ardhini badala ya kwenda kwa watu. Sijui kama nimefanya jambo au nimehamisha tu.

Jumamosi, 17 Januari

Ni siku ya nane tangu dawa ya mwisho. Kantangaze wamekula walivyotaka. Nyanya nyingine zimeoza zikiwa kwenye miche. Tumechambua tangu alfajiri, mimi, mama na Mama Glory. Yamepatikana matenga matano.

Kabla gari halijafika mama alijaza bakuli nyanya kutoka mistari ya chini. Akaziosha, akakata na kitunguu na chumvi, akaleta mezani na ndizi. Hakueleza. Alianza kula yeye, polepole. Kisha mimi. Kisha Mama Glory akavuta kiti. Glory alikaa nasi na mtoto, yeye hakugusa, na hakuna aliyemhimiza. Alinisogezea chumvi.

Zilikuwa nyanya za kawaida. Tamu kidogo.

Mama Juni alipokuja nilimwambia dawa ilipigwa lini. Aliitikia na kuanza kupakia.

Matenga ya wiki iliyopita yalikuwa kumi na mawili. Niliyafikiria nikiosha bakuli.