Kahawa ya Saa Tisa

Jumatatu, 12 Juni
Baridi. Nimepiga deki karakana ya plastiki. Goti limegonga tangi, damu imetoka — maumivu hakuna. Tangu tumzike binti yangu Ivone, Aprili, ndivyo nilivyo. Ganzi mwili mzima.

Mwanawe, Jussara, ndiye mkamuaji. Bakteria wanalishwa sukari ya miwa hadi wanenepe plastiki tumboni, naye anawapika kwenye spiriti ya kiwandani waiachie. Miaka thelathini nimekata miwa, sikujua inaweza kunenepesha vidudu! Harufu ya spiriti inawaumiza wote kichwa. Mimi siisikii.

Jumanne, 13 Juni
Wali na maharage. Nadhani nilikula. Sahani ilikuwa chafu.

Jumatano, 14 Juni
Bosi wetu, Daktari Evaldo, kasema mbele ya watu: pishi la kesho likiharibika kama yale mawili yaliyopita, Jussara aage kazi. Mtoto kajibu ndiyo, Daktari. Basi.

Plastiki ikishayeyuka lazima ichujwe moto moto. Ikipoa inaganda. Hata mimi wa deki najua.

Nyumbani akasema hana njaa. Nikamwambia sijakuuliza njaa, kula! Kala.

Alhamisi, 15 Juni
Saa tisa. Hapa kwetu saa tisa ni kahawa, hata nyumba iwe inaungua. Nimeingia na kahawa kwenye chupa yangu ya chai.

— Ngoja kidogo, Bibi, nachuja.
— Uso kama wa maiti! Hilo tangi lina miguu? Njoo unywe.

Nikamshika mkono. Nikamkalisha mimi mwenyewe. Kaonja, kasema kahawa hii ingewapasua bakteria bila spiriti. Kisha akacheka — mara ya kwanza tangu mazishi! Tukamzungumzia mama yake, alivyokuwa akiimba ovyo. Kikombe cha pili nilimimina mimi.

Tuliporudi, chujio lilikuwa limejaa uji mweupe, mzito. Mabomba yote. Pampu inalia, haivuti.

Evaldo kauliza nani aliondoka hapa.

— Mimi, Daktari.

Jussara hakunitazama. Nami nimesimama na tambara la deki. Sikusema kuwa ni mimi niliyemwondoa.

Ijumaa, 16 Juni
Barua ya kumfukuza Jussara inaandikwa leo. Anakunja koti lake jeupe polepole, kama nguo ya mtoto mchanga.

— Bibi, nyamaza. Ukisema watatufukuza wote wawili. Nani atanunua dawa zako?

Kweli. Maboksi ya dawa hizo ndiyo aliyonifundishia herufi.

Nimepika kahawa. Nimeungua kidole — kimeuma! Kimeuma hadi machozi. Naandika nacho hivi hivi hapa jikoni kazini, herufi zinacheza.

Saa tisa imepita. Mlango wa Evaldo uko wazi, kalamu bado iko mkononi mwake, sahihi hajaweka. Ananiita kwa heshima.

— Dona Zulmira! Leo hakuna kahawa?

Ipo, Daktari. Naja nayo, pamoja na lile nisilolisema jana. Moto.