Gari la Kumpeleka Mama Omaha

Jumatatu, 6 Juni 2016

Nimetoka zamu hospitalini saa tisa unusu. Nimemkanda Mama goti. Nimepika sukuma, nimefua mashuka. Kisha nikakaa na simu kutafuta gari la kukodi. Langu halifiki Omaha. Gia zinakwama hata nikishuka mtaa wa Phillips kununua unga.

Nimepata vani. Sakafu iko chini, mlango unateleza kando, Mama ataingia bila kukunja goti sana. Tunaondoka tarehe kumi na nane, kwenda kwenye kaburi la Jairo. Kaka yetu alikuwa dereva wa lori. Alifia huko miaka minne iliyopita, tukamzika huku Mama akiwa Nakuru, kanyimwa viza. Mwaka huu wamempa. Nataka safari hii isiharibike.

Jumatano, 8 Juni

Damaris amekuja kutoka kwake Plymouth, bado na nguo za ofisini. Mdogo wangu. Amekaa dakika arobaini, na Mama amecheka kuliko alivyocheka wiki nzima na mimi.

Nilikuwa jikoni nikichemsha chai. Niliporudi, Damaris alikuwa akimwonyesha picha za magari. SUV nyeusi, ya juu, viti vya ngozi. Mama ameishika ile simu kwa mikono miwili. Nikataja vani yangu. Damaris akasema hiyo ni ya kubebea watoto wa shule. Mama akaendelea kuitazama picha. Damaris akaiwekesha SUV hapo hapo, akaandika majina yetu wawili kama madereva.

Nina wivu. Hakuna neno lingine.

Ijumaa, 10 Juni

Mama amewasimulia akina mama wa kanisani kuhusu lile gari. Damaris hivi, Damaris vile. Mimi ndiye ninayemwogesha. Kuogeshwa hakusimuliwi.

Jumapili, 12 Juni

Kanisani Damaris alichelewa, na bado Mama alisogea akampa nafasi upande wake wa kulia. Nikasukumwa hadi mwisho wa benchi. Nina miaka arobaini na minne. Nimekosa kusikia hata neno moja la mahubiri kwa sababu ya benchi.

Jumanne, 14 Juni

Nimefanya. Wakati wa mapumziko kazini nimepiga simu ofisi ya magari. Jina langu lilikuwepo, kwa hiyo hawakuuliza sana. SUV imeondolewa, vani ya kijivu imewekwa. Dakika tatu.

Nimejiambia ni kwa ajili ya goti. Uongo. Nilitaka Jumamosi Mama atoke nje akute gari la Damaris halipo na langu lipo.

Alhamisi, 16 Juni

Damaris amepata ujumbe wa ile ofisi. Amefika kwangu Coon Rapids kabla sijavua viatu vya kazi. Tumegombana jikoni kwa sauti za chini, na hizo ndizo mbaya zaidi. Amesema nimemfanya Mama mali yangu. Nimemwambia anakuja kumtazama kama mtu anayetembelea wagonjwa: matunda, picha, kwaheri.

Mama ametusikia. Amekuja akijishikilia ukuta, akaketi. Nimemweleza habari ya goti, urefu wa gari, mlango. Nimeeleza vizuri, kama ninavyowaeleza jamaa za wagonjwa. Akaningoja nimalize.

"Damaris aliniuliza nataka gari gani. Wewe hukuniuliza, Rael."

Kisha akatuambia jambo ambalo hatukulijua. Jairo alikuwa akimpigia simu kila Jumapili kutoka barabarani. Alikuwa akimwambia kwamba akiwa kule juu kwenye lori anaona mashamba mpaka macho yanachoka.

"Nataka kupita nikiwa juu. Nione alichokuwa akikiona. Maumivu ya goti nitayavumilia mwenyewe."

Miezi miwili nimelikanda goti lile. Sikuwahi kumuuliza chochote zaidi ya linauma wapi.

Ijumaa, 17 Juni

Ile nyeusi imeshachukuliwa. Imebaki SUV nyeupe, ya zamani kidogo, viti vya kitambaa, lakini ni ya juu. Nimeichukua. Kisha nimempigia Damaris na kumwambia ukweli: haikuwa goti, ilikuwa wivu.



"Najua, Dada," akasema. "Tunaondoka saa ngapi?"

Jumapili, 19 Juni

Omaha. Hoteli ndogo karibu na barabara kuu.

Jana Mama alikaa kiti cha mbele njia nzima. Kila tuliposimama tulimshusha wawili, kila mmoja akimshika kwapa moja, na kumpandisha tena. Hakulalamika hata mara moja. Iowa yote ni mahindi, hayajafika kiunoni. Mama aliyatazama saa nzima, halafu akauliza ni nani anayeyapalilia yote hayo.

Leo asubuhi makaburini alituambia tubaki nyuma. Akaenda peke yake na fimbo yake. Kuketi kwenye nyasi kulimchukua muda mrefu. Aliongea na Jairo kwa sauti ya kawaida, kama kwenye simu. Damaris alilia. Mimi sikuweza.

Alipomaliza aligeuka na kumwita Damaris aje amwinue. Damaris kwanza. Niliona. Iliniuma, kidogo.

Nikaenda nikashika mkono wa pili.