Bunduki ya Shemeji Yako

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu za kujaza kapu, na nyingine ubebe mkononi. Wifi hajambo? Watoto je? Na kinyozi mwenyewe, bado unakata watu masikio kwa kupenda soga? Huku tu wazima, ila ni uzima wa kulala na viatu miguuni.

Kisima kile kimetugombanisha tangu hujaoa na kuhamia ng'ambo ya mto. Lakini zamani si walipigana fimbo tu? Mtu anarudi na nundu, wiki ijayo wanauziana mbuzi na kuchekana. Mwezi uliopita ugomvi ulikuwa uleule, nani atangulie kunywesha mifugo, ila safari hii kwa risasi, na tumezika wanne. Nasikia ninyi mmezika zaidi. Jirani yangu fundi baiskeli ni mmoja wa wale wanne wetu. Mkewe bado anamwekea maji ya kuoga.

Basi shemeji yako naye akanunua bunduki. Nilipofoka alisema wa ng'ambo wote wanazo, naye hawezi kungoja kuchinjwa kama kuku. Akaiweka chini ya kitanda, upande wangu, eti upande wake kuna viatu! Vijana wa huku wamepanga kuvuka Ijumaa kuja kuwavamia, naye aliahidi kwenda. Nilimuuliza kama anakumbuka nani anaishi huko. Akazima taa.

Sasa sikia. Juzi yule muuza mitumba mnene, tunayemwita Robota kwa kufanana na marobota yake ya nguo, aliniletea mzigo wake niushone mdomo kwa sindano ya mkono, kama siku zote. Nikachoma, sindano ikagonga chuma, ikakatika. Nilidhani atagomba, kumbe anacheka. Akasema nisihofu, bunduki hizo ni za ng'ambo. Huku hutuambia ninyi mmenunua, huko huwaambia sisi tumenunua, na pande zote humshukuru kwa kuwatonya mapema. Mwanaharamu yule! Nami, kaka, kwa woga nikachukua sindano nyingine nikamshonea mpaka mwisho. Mzigo huo uko njiani kuja kwenu.

Nilirudi nyumbani mbio. Shemeji yako alikuwa kazini. Nikaivuta bunduki yake, nikaivingirisha kwenye shuka kuukuu, nikaitumbukiza chooni. Jioni nikamweleza yote. Nilitegemea kofi, lakini alikaa chini akalia. Alisema kila akifikiria Ijumaa alikuwa anaiona sura yako. Haendi tena. Wenzake wanamwita mwanamke, na mimi nasema bora mwanamke hai.

Usinifiche, najua nawe unayo. Dereva wa lori la vitunguu anayekuletea barua hii aliiona nyuma ya kioo chako alipokuja kunyolewa. Mchukue wifi na watoto, mje kwangu kabla ya Ijumaa. Mtalala kwa kubanana, lakini mtalala.

Shemeji yako atawapokea kivukoni. Amesema atasimama pale peupe, mikono juu, ili umwone kwa mbali. Naogopa, kaka. Nakuomba naye aione mikono yako hivyo hivyo.

Wabusu watoto kabla hujaanza kufunga mizigo, na wifi mwambie namngoja.

Ni mimi kitindamimba wenu,
Mama Maneno