Mkono wa Atupele Ukutani

Vwawa, Jumamosi

Na bado wazazi watasema nawachafulia watoto. Chekechea nimeijenga mwenyewe, na leo nimetoa ukuta wangu mpya ili watoto ishirini na watatu waone watu wa kale walivyochora mapangoni. Unabandika kiganja ukutani, unagongagonga kitambaa chenye udongo mwekundu kukizunguka, ukiondoa mkono, umbo lake linabaki.

Nikahesabu. Mikono ya kushoto ishirini na miwili, wa kulia mmoja, wa Atupele. Wenzake walishika kitambaa kwa kulia. Yeye alishika kwa kushoto, mkono anaochapwa nyumbani akiutumia. Na umbo lake ndilo lililotoka safi kuliko yote.

Mama yake alipokuja kumchukua akashika kichwa. "Hee, mwalimu! Baba yake akisikia umemwachia kushoto, hapa harudi."

"Basi aje kwangu, mama Atu. Nitamwonyesha ukuta."

Kiburi tupu. Naogopa kweli atamhamisha. Na mimi mwenyewe mwaka mzima nimekuwa nikimwambia badilisha mkono, nikidhani namsaidia…

Langoni Atupele alinivuta kitenge kwa mkono wa kushoto. "Mwalimu, Jumatatu nishike penseli kwa huu?"

Nikamwambia ashike.