Mgeni Aliyesimama Mlangoni Tulipopiga Kura

Shauri Moyo,
Nairobi.

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikiwaza kwamba saa hizi uko nje unaota jua la asubuhi, blanketi mabegani. Je, kifua kimetulia? Mvua imewafikia huko Mwingi, au mawingu yanapita tu? Sisi tu wazima. Mkwe wako Mutua anaendelea na uchongaji wake, nami bado ni karani kwenye kampuni ya malori.

Nilipokuja nyumbani Krismasi uliniuliza swali nikashindwa kulijibu. Ulisema, "Hiyo Jumuiya ya nchi zilizotawaliwa na Mwingereza, bado ipo ya nini? Tulimpigania vita Burma, akaondoka na bendera yake. Leo anakuja kutuchungulia kura?" Baba, nimeona kidogo kwa macho yangu, na tangu siku hiyo natembea kama mtu aliyeamshwa kabla ndoto haijaisha.

Tulikwenda kupiga kura alfajiri, mimi na Mama Halima, jirani yetu Msomali anayeuza nyama ya mbuzi kutoka machinjio ya Kiamaiko. Moshi wa makaa ulikuwa umelala chini pamoja na ukungu, na watu kwenye foleni walionekana nusunusu, wengine mabega tu, wengine vichwa. Hakuna aliyepaza sauti. Wengi wa rika langu hatukuwahi kuchagua kati ya chama na chama. Mama Halima alikuwa amejipaka hina mpya kama mtu anayekwenda harusini.

Tulipofika mezani, karani wa kura alikitazama kitambulisho cha Mama Halima, kisha akautazama ushungi wake.

"Na ile kadi nyingine? Ile ya Wasomali waliokaguliwa uraia?"

"Hapa inatakiwa kitambulisho na kadi ya kura. Zote ziko mbele yako."

"Mama, kwenu ni wapi hasa?"

"Kwetu ni hapa. Mlango ule wa buluu, nyuma ya kanisa."

"Kaa pale kando kidogo."

Akaketi kwenye benchi. Nilipojaribu kumtetea nikaambiwa nipige kura yangu nitoke. Nikapiga, nikatoka, nikasimama dirishani. Watu walimpita mmoja baada ya mwingine, jua likapanda hadi kwenye miguu yake, naye alikuwa akiitazama mikono yake tu. Niliogopa kwamba atainuka aende zake, na asirudi tena maishani.

Ndipo akaingia mwangalizi wa Jumuiya. Baba, mimi nilikuwa nikimngoja Mzungu. Huyu alikuwa mama mweusi kama mimi, nywele zimejaa mvi, na nilidhani ni mtu wa Taita mpaka alipofungua kinywa. Kiingereza chake kilikuwa kama kinaimbwa. Anatoka kisiwa cha mashamba ya miwa, huko ng'ambo kabisa ya dunia. Alilitazama sanduku, akaitazama foleni, kisha akamwona Mama Halima.

"Mama huyu ana shida gani?"

"Hana shida," karani akajibu. "Anangoja."

"Anangoja nini?"

Mawakala wa vyama wakageuza vichwa. Karani akapitisha kidole kwenye orodha, akasema polepole, "Jina lako lipo, mama. Njoo."

Baadaye nilimfuata yule mgeni uani. Nikamuuliza, "Na kama angekataa?"

"Ningeandika nilichoona, basi. Sina amri hapa. Nchi hii si yangu."

"Sasa mnakuja kufanya nini?"

Akatabasamu. "Kwetu tulipopiga kura, aliyetumwa kusimama mlangoni alikuwa mtu wa Afrika. Mama yangu alimshika mkono akalia. Babu zake walitoka huku kwa minyororo, naye hakuwahi kumwona mtu wa huku."

Baba, alipoondoka nilibaki nimesimama pale pale. Niliziona nchi zote zilizochapwa kwa kiboko kimoja zikitembeleana kama wakwe, kila mmoja akiketi mlangoni kwa mwenzake kushuhudia. Bwana mwenye kiboko sikumwona popote.

Sitakudanganya. Tuliyemtaka alishindwa, na watu wananung'unika kuhusu hesabu. Wageni wamekwisha panda ndege. Juzi askari walimsimamisha Mama Halima sokoni wakimdai ile kadi. Nilimuuliza ile kura ilimfaa nini. Alikuwa akifunga nyama kwenye gazeti, akasema, "Mwikali, maisha yangu yote naulizwa natoka wapi. Siku ile mtu aliuliza nangoja nini."

Msalimie Mama, na shangazi anayechunga mbuzi wako, na kaka yangu fundi wa baiskeli. Mwambie mkewe nimempatia kitambaa. Mungu akulinde na baridi.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Mwikali