Chatu kala stoo kwa Mama Shukuru

Jumanne

Kala! Chatu wangu, aliyegoma kula tangu nimhamishie kwenye kasha jipya, leo kameza panya mzima. Nilishaogopa atanifia.

Tena kamlia stoo kwa Mama Shukuru, jirani asiyeitikia shikamoo yangu, anayenitangaza Kibirizi nzima kwamba nafuga jini. Panya wanammalizia dagaa, basi asubuhi kaja mpole: "Mwanangu, niletee huyo nyoka wako." Nikampeleka. Kumbe vifaranga nilivyokuwa nampa chatu alikuwa anavidharau, anataka panya walionona kwa dagaa!

Jioni mama karudi. "Mlete na kesho, baba, wamebaki wengi."

"Shikamoo, mama," nikamwambia. Akaitikia upesi. "Jini limeshiba. Halili tena mpaka mwezi ujao."

Nawasikia huko stoo wakitafuna. Wacha watafune.